Kitambaa Juu ya Mashine

Wapo watu wanaoipenda mno methali isemayo kikulacho ki nguoni mwako, na wanaipenda kwa sababu moja tu: ni tamu ya kumnyooshea mwingine kidole. Jirani akiwasengenya, wanaitoa. Shemeji akiwazunguka, wanaitoa. Wachache sana hukumbuka kwamba nguo inayotajwa humo ni yao wenyewe, na kwamba anayeambiwa ajikague ni wao. Wainaina wa Mwihoko alikuwa katika kundi la wale wengi, mpaka juma moja lilipomtoa humo kwa aibu.

Mchana Wainaina alikuwa mtunza stoo katika kiwanda kimoja cha Ruiru, na jioni alikuwa fundi wa kujifundisha. Katika chumba cha mbele cha nyumba aliyopanga aliweka mashine ndogo ya kuchongea mbao, ile inayoongozwa na kompyuta. Kichwa chake hutembea juu ya ubao kushoto na kulia, mbele na nyuma, na mota iliyofungwa kichwani huzungusha kisu chembamba kinachokula mbao na kuacha maandishi. Mashine ilikuja ndani ya sanduku ikiwa vipande vipande, na aliyemsaidia kuiunganisha ni Calvince, kijana fundi wa umeme aliyekaa na kakake Tobias mlango wa pili katika ploti hiyo hiyo ya nyumba za kupanga. Calvince hakutaka hata ahsante ya soda. Alizipanga nyaya zote katika kisanduku kilichofungwa kando ya meza, na kabla ya kuondoka akaongeza juu ya kisanduku hicho kitufe kikubwa chekundu kilichovimba kama uyoga.

“Hii ni ya siku mbaya, Baba Njau,” alimwambia, akimwita kwa jina la mwanawe. “Ukiona kidole inaelekea kwa kisu, gonga hapa. Mota inakufa hapo hapo. Ukitaka irudi, unazungusha tu.”

Wainaina alicheka. Siku mbaya yenyewe haikuja, kitufe hakikuguswa, na baada ya muda jicho lake likazoea kukipita jinsi linavyopita msumari wa zamani ukutani.

Aliyeipenda mashine ile kuliko watu wote wa ploti alikuwa Mama Yunia, mamake Tobias na Calvince, aliyeletwa kutoka Siaya kutafuta matibabu. Jioni alikuwa akiweka kiti chake cha plastiki mlangoni mwa Wainaina na kuitazama ikiandika “Karibu Nyumbani” kwenye vibao vya wateja. Siku moja alimwita karibu.

“Wainaina, mzee yangu huko nyumbani waliandika jina yake kwa msalaba na rangi. Mvua mbili tu, jina ikaenda. Sasa ukifika hapo hujui kama ni mtu amelala ama ni muhogo imepandwa. Yangu utaandika na hii mashine yako. Andika ndani kabisa, mpaka mvua ishindwe.”

“Mama, wewe bado uko na sisi sana.”

“Niko. Lakini utaandika?”

“Nitaandika, mama,” alisema Wainaina, na machozi yakamlengalenga. Mamake mwenyewe alikuwa hai kule Mugutha, lakini hajawahi kumwomba kitu kwa sauti ya namna ile.

Mama Yunia hakupona. Tobias alipokuja kumwambia, alikuja na ubao wa mvule mikononi, ubao wa kukingama wa msalaba. Mti wa kusimama ulikuwa umekwisha kutengenezwa na seremala. Kilichobaki ni jina. Mwili ungetolewa katika chumba cha maiti mjini Thika asubuhi ya Ijumaa ya juma lililofuata, uanze safari ya Siaya, na msalaba ulitakiwa kusafiri pamoja na mwenyewe.

Kazi yenyewe ilikuwa ya saa chache. Wainaina angeimaliza siku hiyo hiyo kama si mamake, Bi Idah, aliyepiga simu kutoka Mugutha baada ya kupata habari.

“Aca! Hapana! Mashine haijawahi kuombewa hata siku moja, halafu unataka kuandika msalaba wa kaburi nayo? Ndani ya nyumba yenye watoto? Ngoja Jumapili. Nitakuja na watu wa ushirika wa kanisa.”

Nani atabishana na mamake? Jumapili, baada ya ibada, watu wa ushirika walijaa chumba cha mbele. Bi Idah alikuja na zawadi. Ni lazima ijulikane kwamba Bi Idah alikuwa mtu wa vitambaa. Nyumbani kwake kila kitu kilivaa: viti vilivaa, redio ilivaa, hata mtungi wa maji ya kunywa ulivaa kofia ya uzi. Alipoitazama mashine ya mwanawe aliiona maskini haina nguo. Hakuweza kuvisha kichwa kinachotembea, basi akakivisha kile kisanduku cha umeme kitambaa cheupe chenye maua ya manjano, akakishona pembe kwa sindano chini kwa chini ili kisiteleze.

“Sasa inakaa mashine ya mtu aliye na mama,” alisema, na kila mtu akakubali kwamba imependeza.

Mzee wa kanisa akaagiza mwenye mali aweke mkono juu ya mali yake. Wainaina akatafuta mahali pasipo na ncha wala vumbi la mbao, akaona kitambaa, akaweka kiganja chake hapo. Maombi yalikuwa marefu na ya moto. Kwa kila “amina” Wainaina alikandamiza mkono kwa imani, na amina ya mwisho aliisindikiza kwa nguvu zake zote. Kisha wakanywa chai kwa chapati na kutawanyika, na yeye akalala usingizi wa mtu aliyekabidhi mambo yake mahali salama.

Jumatatu alipotoka kazini alifunga ubao wa mvule mezani, akawasha kompyuta na kuiamuru mashine ianze. Kichwa kilitembea. Kilifika mahali pa herufi ya kwanza, kikashuka. Lakini badala ya ule mvumo wa nyuki aliouzoea, alisikia mkwaruzo. Kisu kilikuwa kimesimama tuli, hakizunguki, na mashine ilikuwa ikikiburuta juu ya ubao wa Mama Yunia kama mtu anayeburuta jembe barabarani. Wainaina aliruka na kuchomoa waya ukutani. Ubaoni palibaki mchubuko mrefu.

Alijipa moyo. Aliugeuza ubao upande wa pili, akazima kompyuta na kuiwasha upya. Kichwa kilitembea, mota ikanyamaza. Alibadilisha fyuzi. Alihamia soketi nyingine, akamwondolea Wanja, mkewe, pasi iliyokuwa inapata moto. Alifungua mota akatoa kaboni zake mbili zinazopitisha umeme, akaziona bado ndefu na safi, akazirudisha. Mota ikanyamaza. Alizungusha kisu kwa mkono na kikazunguka laini bila kukwama popote, jambo ambalo lilimtia hofu zaidi, maana kitu kikikwama walau unajua kimekwama.

“Si umwite Calvince aangalie?” Wanja aliuliza.

“Nimwite vipi? Yuko na msiba. Nitamwambia nini, kwamba jina la mama limeshindikana?”

Kwa hivyo hakumwita. Kesho yake akiwa kazini alimpigia simu mtu aliyemuuzia mashine, na mtu yule, bila kuuliza mengi, akamwambia mota imeungua, aagize nyingine ng’ambo, huenda ikafika mwezi ujao. Mwezi ujao! Wainaina alihesabu magunia stooni na kuyakosea, akarudia na kuyakosea tena. Kila mara simu ilipolia alidhani ni Tobias anauliza kazi imefika wapi. Na jioni Tobias alipomsalimu kweli pale langoni na kumuuliza, “Baba Njau, inaenda vizuri?” alijisikia akijibu, “Iko sawa kabisa.” Ulimi hauna mfupa.

Jumatano aliomba ruhusa, akafungua mota, akaifunga kwa gazeti na kwenda nayo Thika kwa Mbula, mama mmoja anayesuka upya nyaya za mota za pampu na za posho mili za kusagia mahindi. Mbula hakuifungua hata skrubu moja. Alizishika nyaya zake mbili, akaziunganisha moja kwa moja na umeme wa mezani pake. Mota ililia wiii! ikataka kumruka mkononi.

“Hii haina ugonjwa, kaka,” Mbula alisema akiizima. “Ugonjwa uko huko kwako nyumbani.”

Wainaina nusura amkumbatie. Lakini furaha ile haikufika mbali. Kabla hajatoka mjini Thika alikuwa amekwisha kuligeuza neno la Mbula mara kadhaa kichwani. Ikiwa mota ni nzima, ubovu uko katika nyaya. Na nyaya alizifunga nani? Calvince. Nani mwingine amewahi kukigusa kisanduku kile? Hakuna. Hoja ilimjia imenyooka kama rula, na ndiyo maana aliiamini. Alikumbuka kwamba Calvince aliwahi kumwomba atumie mashine ile kuchonga vibao vya kazi yake mwenyewe, naye akamwambia asubiri kwanza. Alikumbuka pia kwamba Calvince hakuja kwenye maombi. Kwamba Jumapili ile kijana alikuwa akihangaikia gari la kumsafirisha mamake, hilo Wainaina hakulikumbuka. Hofu ina tabia hiyo, huchagua cha kukumbuka.

Alifika nyumbani akaifunga mota mahali pake. Alichungulia kisanduku kwa nyuma na ubavuni, akavuta waya huu na ule, lakini kitambaa hakukigusa. Kilikuwa kimeshonwa na mama na kuombewa na wazee, na mtu havui kitu cha namna hiyo hovyo. Aliwasha. Kichwa kikatembea na mota ikanyamaza. Hapo damu ilimchemka, akatoka shoti.

Uani palikuwa na hema, na watu wa msiba walikuwa wameketi wakiimba polepole. Calvince alikuwa akifunga taa kwenye mlingoti wa hema. Wainaina alimfuata pale pale.

“Calvince, ulifunga nini kwa mashine yangu?”

“Niaje, Baba Njau. Kwani imefanya nini?”

“Mota haizunguki tangu juzi! Nimetoka Thika sasa hivi. Mota ni nzima, waya zako ndizo mbovu. Waya za kuungaunga!”

Nyimbo zilikatika. Calvince alishuka ngazini, uso wake umechoka. “Haizunguki kabisa? Pole. Wacha nikuje niicheki, haiwezi kuchukua muda.”

Hapo Wainaina angalinyamaza, angaliokoka. Lakini watu walikuwa wanamtazama, na aibu ya ule uongo aliomwambia Tobias ilikuwa inamwunguza, na mtu aliyebanwa hivyo hutafuta pa kuitua aibu yake.

“Usikanyage kwangu! Ulinuna nilipokunyima mashine, ukaona uniharibie. Wahenga hawakukosea: kikulacho ki nguoni mwako! Nimekula na wewe, nimekuingiza nyumbani, kumbe ndiye wewe!”

Calvince alimtazama kama mtu aliyesikia lugha ngeni, kisha akapanda tena ngazi na kuendelea na taa yake. Aliyekuja ni Tobias.

“Baba Njau,” alisema polepole, “huyu unamwambia ameharibu msalaba ya mama yake.”

Wainaina aligeuka aondoke, lakini Tobias hakuwa amemaliza.

“Na mimi uliniambia iko sawa. Basi. Hiyo ubao rudisha kesho. Kuna mtu wa kuandika mabango huko Kiuu, atapaka rangi.”

Rangi! Neno lile lilimpiga Wainaina kuliko kofi. Alirudi ndani akashika tama mbele ya mashine yake. Wanja alikuwa amesikia yote kupitia dirishani, na hakumwonea huruma.

“Umemwambia hivyo mtu aliyefiwa, na watu wakisikia?”

“Sikujua naongea nini.”

“Ulijua. Ulitafuta mwenye makosa ukampata aliye karibu.”

Asubuhi ya Alhamisi hakwenda kazini. Aliuondoa ubao wa mvule mezani, akaupiga vumbi, akasimama nao asijue atauvukaje ua ule. Wanja alitoka jikoni akamtazama juu hadi chini.

“Hatutamrudishia Tobias ubao uchi hivyo, kama kuni. Umekwisha kuchubuka tayari. Tafuta kitu tuufunge.”

Macho yake yakatua kwenye kitambaa cha mama mkwe. Kilikuwa cheupe, kizuri, na kwa maoni yake siku zote kilikuwa kimekosea mahali pa kukaa. Alichukua mkasi akakata nyuzi za pembe moja baada ya nyingine. Wainaina alitaka kumkataza akakosa nguvu. Kitambaa kikatoka.

“Baba Njau, na hii nyekundu imezama hivi ni ya nini?”

Wainaina aligeuka. Kile kitufe, kilichokuwa kimevimba kama uyoga, kilikuwa kimelala bapa juu ya kisanduku. Alikitazama. Hakuuliza ni nani aliyekibonyeza, kwa maana kiganja chake cha kulia kilikuwa kimekwisha kumjibu: kilikumbuka maua ya uzi chini yake, kilikumbuka kitu kigumu kama yai, na amina ya mwisho, na kile kitu kigumu kikishuka. Naye alidhani ni imani inamwingia!

“Ni ya siku mbaya,” alisema.

Alikizungusha. Kikalia tak! na kuinuka. Aliwasha mashine, na mota ikavuma, wiii, mvumo ule ule wa nyuki, kana kwamba haijawahi kunyamaza maishani mwake. Wanja aliangua kicheko, kisha akamwona mumewe amefunika uso kwa mikono analia, naye akaacha kucheka.

Alichonga mchana kutwa. Hakuiharakisha mashine. Aliiamuru ipite juu ya kila herufi tena na tena, iteremke ndani ya mvule hadi ncha ya kidole ipate pa kujificha: YUNIA. Vumbi jekundu lilimjaa nyusi na masikio. Jioni ilipofika aliupiga ubao msasa na kuupaka mafuta, na ingawa ua aliotakiwa kuuvuka ulikuwa wa hatua chache, hakuuvuka. Ubao ulikuwa umekwisha. Yeye ndiye hakuwa tayari. Maneno yakimwagika hayazoleki, na haya aliyamwaga hadharani. Alimwambia Wanja, “Nitayaokota pale pale penye watu,” na usiku kucha akawa anajiuliza kama watampokea au watamfukuza kama mbwa.

Asubuhi ya Ijumaa, mbele ya chumba cha maiti pale Thika, watu wa msiba walikuwa wamesimama kando ya gari wakingoja jeneza. Msalaba wa seremala ulikuwa umeegemezwa ukutani, na ubao mwingine, wa msonobari, uliotafutwa baada ya ule wa mvule kutorudishwa, umefungwa kwake kwa kamba, jina limepakwa rangi nyeusi ambayo haijakauka vizuri. Wainaina alikuja na ubao wa mvule umefungwa katika kitambaa cheupe chenye maua ya manjano. Watu walimpisha bila kumsalimu. Alikwenda moja kwa moja hadi mbele ya Calvince na Tobias.

“Calvince,” alisema, na akahakikisha kwamba wale wote waliosikia siku ile wanasikia na leo. “Waya zako ni nzima. Zilikuwa nzima siku zote. Ni ile swichi nyekundu. Ilikuwa imebonyezwa.”

“Nani alibonyeza?”

“Ni mimi.”

“Lini?”

“Jumapili. Nikiomba.”

Mama mmoja nyuma akajikohoza kuficha kicheko. Mwingine hakuweza kukificha. Lakini Calvince hakucheka.

“Kitambaa kilikuwa kimeifunika,” Wainaina aliendelea. “Sikuangalia chini yake. Niliangalia kwako. Nilikutukana ukiwa kwa msiba wa mama. Nisamehe, ndugu yangu. Na wewe Tobias, nilikudanganya. Nisamehe.”

Alifungua kitambaa, akakiacha kianguke chini. Tobias aliupokea ubao, akapitisha kidole ndani ya herufi, polepole, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, na alipofika mwisho akarudia.

“Mvua itashindwa,” alisema.

Akamwashiria Calvince kwa kichwa. Kijana alitoa koleo mfukoni, akakata kamba ya ule ubao wa rangi, akauweka chini. Waliushika msalaba pamoja, yeye na kakake, wakaufunga ubao wa mvule mahali pake, wakaupandisha garini. Jeneza lilitolewa, nyimbo zikapanda, watu wakaingia. Wainaina alibaki amesimama, hajui kama amesamehewa, haoni pa kuuliza.

Gari lilipowashwa, Calvince aliteremka. Alitembea hadi mahali ubao ulipofunguliwa, akainama, akaokota kitambaa kutoka chini, akakikung’uta vumbi na kukikunja vizuri, pembe kwa pembe, na kumletea.

“Kikienda na mimi Siaya mamako atakuuliza,” alisema. “Ningekwambia kwa simu tu, Baba Njau: zungusha. Si ungeniuliza?” Kisha akamwekea kitambaa mkononi, mkono ule ule wa kulia, na kuufunga kwa mkono wake. “Shika. Hii ni nguo yako.”

Akapanda, na gari likaondoka. Wainaina alisimama pale mpaka likapotea machoni, nguo yake mkononi, na ile methali aliyoirusha uani Jumatano sasa ikamrudia na kukaa kwake: kikulacho ki nguoni mwako.